Mpiganaji wa Kilo Sitini

Kabla watu wa Kyela hawajaanza kumwita Kasia, Ambwene alikuwa mpiga kasia kweli. Mama yake alikuwa mfinyanzi wa Ikombe, kule ambako milima ya Livingstone imeshuka ikaingiza miguu ziwani na kuwaachia watu ukanda mwembamba tu wa kuishi. Udongo upo, samaki wapo, barabara hakuna. Kwa hiyo kila siku ya soko Ambwene alivipanga vyungu vya mama yake ndani ya mtumbwi, akavitandikia nyasi visigombane, akavipeleka Lyulilo kwa nguvu za mgongo wake. Ziwa likichafuka alipiga kasia akiwa amepiga magoti, na mwili mzima ukajifunza kugeuka kuanzia kiunoni. Miaka mingi baadaye mwalimu wake wa ngumi na mateke alisema kwamba teke la Ambwene halikutoka mguuni hata kidogo. Lilitoka Ikombe.

Alifika Kyela mjini katika ile miaka ambayo kila kitu kilikuwa ruksa. Ushirika ulikuwa umekufa, maghala yake yakabaki na popo na harufu ya magunia ya zamani. Mitumba ilifurika sokoni. Mtu mmoja alileta jenereta na televisheni, akafungua banda la video, na kwa miezi kadhaa vijana wote wa mji wakawa wanarusha mateke njiani. Wengi walichoka. Ambwene hakuchoka. Alikuwa mpakiaji wa magunia, na kila alipomaliza kazi alikwenda kupiga mateke migomba pembeni mwa mto mpaka wenye migomba wakamshtaki kwa balozi wa nyumba kumi.

Aliyemwokoa ni Ahmada, mwenye duka la saruji na mafuta ya taa, mtu ambaye babu zake walitoka Tanga na ambaye ujanani alikuwa amepigana ngumi huko huko. Ahmada alisimama siku moja na mwavuli wake, akamtazama Ambwene akiukata mgomba kwa teke la tatu.

"Hodari," akasema. "Ila mgomba haurudishi."

"Nani atarudisha hapa Kyela?"

"Mimi nina miaka hamsini na mbili na kisukari. Njoo kesho."

Alikwenda, na huyo mzee wa kisukari akamlaza chini mara nne kwa mkono wa kushoto. Tangu hapo ghala la ushirika likawa shule yao. Walitundika gunia lililojaa pumba na mchanga, wakachora ulingo kwa mkaa sakafuni. Ahmada alifundisha mikono. Miguu Ambwene alijifundisha mwenyewe.

Ukiyahesabu mapambano yake, mpaka alipofika umri wa miaka thelathini na moja yalikuwa kumi na tisa, na alishinda kumi na matatu. Hayo ni mapambano ambayo hakuna gazeti lililoyaandika. Alipigana Tukuyu, kwenye ubaridi na ukungu, dhidi ya mtu ambaye hakumwona vizuri mpaka raundi ya pili. Alivuka mto Songwe, mpaka wa nchi, akapigana Karonga, akarudi na jino moja pungufu na beberu wa zawadi. Mara moja alishinda baiskeli isiyo na tandiko, akaiendesha hivyo hivyo kutoka Ipinda hadi nyumbani akiwa amesimama, na watu wakatoka majumbani kumshangilia kana kwamba ndivyo baiskeli za mabingwa zinavyoendeshwa.

Alioa Naomi, binti wa Mzee Asajile wa Ngana. Mzee huyo alikuwa mkulima wa mpunga, mrefu, mkavu, asiyesema neno kama kichwa kinatosha kuitikia. Na kwa desturi ya kule mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Ambwene alipokutana naye njiani alishuka kwenye baiskeli, akasogea pembeni, akainama. "Mugonile, tata," alimsalimu kila mara, na mzee akajibu, "Ndaga," akapita. Hawakuwahi kubishana juu ya jambo lolote, hata juu ya mvua.

Kisha akaja Zebedayo.

Zebedayo alikuwa mtu wa huko huko, aliyesoma, aliyepotea mjini miaka kadhaa na kurudi akiwa wakala wa wanunuzi wa mpunga wa Dar es Salaam. Alikuwa mnene, mwenye kucheka, na alipenda mapambano kwa dhati; kwenye kona ya Ambwene alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Kabla yake mpunga ulipimwa kwa debe, na kila mkulima alijua dhuluma ya debe: mnunuzi hulitikisa, hulijaza hadi lifanye kilima, kilima nacho kikawa bure. Zebedayo alileta mizani. Mizani ya chuma, ile ya kupimia magunia, yenye sahani pana chini na mkono mrefu juu na mawe yake ya kutundika. Aliisimamisha mlangoni mwa ghala lake kama mtu anayesimamisha msalaba.

"Wazee wangu," alisema siku ya kwanza, "debe lina tumbo. Mizani haina tumbo. Na ili msiseme Zebedayo anasoma anavyotaka, msomaji ni huyu hapa, mtoto wenu, Kasia."

Wakulima walipiga makofi. Na kweli, nani angebishana na Ambwene? Alikuwa mtu aliyejulikana kwa kupigana bila hila. Misimu miwili alisimama pale kifua wazi, akitundika mawe, akisukuma kidude kwenye mkono wa mizani mpaka ukatulia, akitangaza kwa sauti ya ulingoni: "Themanini na nne! Sabini na tisa! Mama, tisini kamili, hongera!" Zebedayo alimlipa vizuri kuliko mpakiaji yeyote, akamnunulia glovu mpya na viatu vya kukimbilia, na mtoto wa Ambwene alipougua malaria alileta dawa usiku ule ule bila kuombwa.

Mizani hiyo hiyo ikawa mizani ya ngumi. Mapambano ya Kyela yakaanza kupimwa kama ya mjini, na wapiganaji wa kutoka Tukuyu waliopanda pale walishuka wakicheka. "Kyela joto kweli," walisema, "mtu anakonda kabla ya kufika." Wakaenda kuagiza wali sahani ya pili. Hakuna aliyejiuliza zaidi ya hapo.

Mwezi wa sita, mavuno yakiwa bado yanaingia, promota mmoja wa Mbeya alileta ujumbe. Alikuwa anaandaa pambano la uzani wa kilo sitini dhidi ya Ridhwani, kijana wa Morogoro ambaye jina lake lilikuwa limeanza kutajwa redioni. Watu wa Dar wangekuja kutazama. Atakayewafurahisha angechukuliwa kwenye kambi yao, apigane kwa mkataba, kwa kadi ya mpiganaji wa kulipwa, kama kazi.

Ahmada alimsomea Ambwene ujumbe huo mara mbili. Kisha akaukunja.

"Miaka thelathini na moja," akasema. "Mlango huu ukifungwa, hakuna mwingine. Unalijua hilo?"

"Nalijua, mwalimu."

"Una kilo ngapi?"

Ambwene alikwenda ghalani kwa Zebedayo, akapanda mizani. Sitini na mbili. Wiki tatu alikula samaki bila ugali, akakimbia alfajiri hadi Ikolo na kurudi, na Alhamisi kabla ya safari alipanda tena mbele ya Zebedayo na wapakiaji. Sitini kamili. Zebedayo alimkumbatia na jasho lake, akaandika uzito huo kwenye barua ya promota.

Ijumaa saa nne asubuhi, mjini Mbeya, chumba cha kupimia uzito kilikuwa na baridi ya Julai inayopenya mifupani. Daktari mwenye koti jeupe alikuwa na mizani ya hospitali. Ridhwani alipanda kwanza: hamsini na tisa na nusu. Ambwene akavua shati, akavua suruali, akapanda na chupi tu.

Daktari akaangalia. Akasogeza. Akaangalia tena.

"Sitini na nne."

"Haiwezekani," Ahmada akasema.

"Mzee, mizani haina ugomvi na wewe. Sitini na nne."

Walimshusha, wakampandisha tena. Wakampandisha promota mwenyewe, akasema ndio uzito wake ule ule wa jana. Jamaa wa kona ya Ridhwani wakaanza kucheka. "Huyu kaja na gunia tumboni!" Promota hakucheka. Alimsogelea Ambwene, akauliza kwa sauti ya chini iliyo mbaya kuliko kelele: "Barua yenu inasema sitini. Mlipima wapi?"

Ahmada akageuka taratibu, akamtazama Zebedayo aliyekuwa amesimama karibu na mlango. Zebedayo alikuwa akichunguza viatu vyake.

Ambwene aliona hayo yote akiwa bado juu ya mizani, miguu mitupu juu ya chuma baridi. Alikuwa mtu wa mwili. Mambo yalimwingia mwilini kabla ya kumfika kichwani. Kwanza aliitazama miguu yake juu ya mizani. Halafu akaelewa. Kama mizani ya Kyela ilimwibia yeye kilo nne, basi iliwaibia wote. Na mdomo uliotangaza wizi huo, misimu miwili, kwa sauti kubwa, ulikuwa wake.

Zebedayo akamfikia haraka, akamtilia shati mabegani kama baba. "Sema ulikula njiani," akamnong'oneza.

"Kilo nne?"

"Ndizi za Tukuyu nzito. Sema! Wakituuliza habari ya mizani hapa, mbele ya hawa watu, pambano limekwisha. Dar imekwisha."

Watu wa chumba kizima walimngoja. Ambwene akasema, "Nilikula njiani."

Walimpa mpaka saa kumi na mbili jioni azipunguze.

Kutoa jasho Kyela si kazi, unakaa tu. Mbeya mwezi wa saba ni kama kutafuta maji mwambani. Ahmada alimvika mifuko ya nailoni na koti la mvua, akamkimbiza barabara ya Uwanja wa Ndege mpaka pua ikatoka damu kwa ukavu. Kilo moja tu. Ndipo mzee akamkumbuka mtu wa ukoo wake, Abdulwahab, mwenye tanuri la mikate karibu na soko, na huko wakamkalisha Ambwene kwenye kiti cha chuma mdomoni mwa tanuri, amejifunga blanketi, ndimu mdomoni, anatema kwenye kopo.

"Mwalimu," Ambwene akasema baada ya muda mrefu. "Ulijua?"

"Mimi nauza saruji. Saruji inakuja na kilo zake mgongoni." Ahmada alikuwa akimfuta jasho kwa ubao mwembamba, kama mtu anayemkwangua samaki magamba. "Ila niliwaona wale wa Tukuyu wakicheka. Mtu mzima nikaona, nikasema joto. Basi na mimi nimo."

"Nitapiganaje?"

"Kwa miguu na mikono. Mengine yatangoja nyumbani, hayana haraka, yamengoja miaka miwili."

Lakini mengine hayakungoja. Yalikuja pale pale mbele ya moto, moja moja, kama foleni. Mama mmoja wa Ikolo aliyebishana kidogo, akisema gunia lake alilipima kwa debe nyumbani na lilizidi, na Ambwene akamcheka: mama, debe lina tumbo. Mjane aliyelia kwa furaha kwa kilo tisini ambazo zilikuwa tisini na sita. Mzee Asajile, akisimama kimya na kofia mkononi, akisikiliza mkwewe anavyosoma, akiitikia kwa kichwa.

Zebedayo alikuja pale alasiri na chupa ya maji ambayo haikuwa na ruhusa ya kunywewa. Akachuchumaa.

"Jiwe la mizani lina madini ya risasi ndani, ndiyo maana mzigo unasomeka pungufu," akasema, bila kuulizwa. "Kidogo tu. Nililikuta hivyo kwa aliyeniuzia. Ambwene, mizani zote za barabara ya kwetu ziko hivyo. Mimi nikipima haki, wenzangu watanunua kwa bei ya juu kuliko yangu, nitafunga. Nikifunga, nani alikununulia viatu? Nani atakulipia kambi? Dawa ya mtoto ilitoka wapi?"

Ambwene aligeuza ndimu mdomoni. Ulimi ulikuwa umekauka kama kipande cha ngozi. Alichofikiri ni kwamba glovu hizo alizivaa yeye, na viatu, na dawa ilinywewa nyumbani kwake. Hakuwa mtu aliyesimama nje ya wizi akiushangaa.

Saa kumi na moja na nusu walimnyoa nywele. Saa kumi na mbili kasorobo daktari alisoma: "Sitini." Ahmada alikaa chini sakafuni, akaomba sukari.

Pambano lilikuwa Jumamosi alasiri. Lori la mashabiki lilipanda kutoka Kyela na ngoma. Walioliona wanalisimulia hadi leo kwa namna mbili. Wengine wanakumbuka raundi ya pili, Ambwene alipogeuka kutoka kiunoni na teke lake likamkuta Ridhwani chini ya mbavu, kijana akapiga magoti akitafuta pumzi mpaka hesabu ya saba. Wengine wanakumbuka raundi ya nne na ya tano, mwili uliokaushwa ulipoanza kukataa. Miguu ikawa ya mtu mwingine. Ngumi za Ridhwani zilimfungua mdomo na kumfumba jicho la kulia, naye hakuanguka, alikwenda mbele tu, kidogo kidogo, kama mtu anayepiga kasia dhidi ya upepo akijua kwamba akiacha atarudishwa alikotoka. Majaji wawili wakampa Ridhwani, mmoja akampa yeye.

Yule mtu wa Dar alikuja kwenye kona wakati daktari anashona mdomo.

"Umeshindwa," akasema, "lakini nakutaka wewe. Septemba. Mdhamini wako akubali kulipia vipimo na kambi, nikuandikie barua sasa hivi."

"Amekubali!" Zebedayo akapaza sauti. "Andika!"

Na barua ikaandikwa. Asubuhi ya Jumapili, kabla hawajaondoka, daktari alimpima tena kuona kama mwili unarudi, akaandika kwenye kadi: kilo sitini na mbili. Barua akaitunza Zebedayo. Kadi akaitunza Ambwene.

Nyumbani Naomi alimkanda uso kwa maji ya moto, hakusema lolote juu ya jicho. Alipomaliza, Ambwene akamweleza. Alimweleza yote, pamoja na barua, pamoja na jiwe. Naomi aliendelea kukamua kitambaa hata baada ya maji kwisha ndani yake.

"Baba alijua," akasema mwishowe.

"Alijua nini?"

"Gunia lake. Analibeba mwenyewe kutoka shambani mpaka barabarani, miaka yote. Mwaka jana alimwambia mama: mgongo wangu unasema karibu mia, mizani inasema tisini. Mama akamwambia akaulize. Akasema, nikaulize nini? Aliyesoma ni mkwe wangu. Nimwambie mkwe wangu kwamba anasema uongo? Akasema basi mgongo umezeeka."

Ambwene alilala chali mpaka jioni. Alikuwa amepigana na watu kumi na tisa, na jana wa ishirini, na hakuna aliyempata mahali hapo.

"Ukisema, Dar hakuna," Naomi akasema baadaye, akimsogezea uji.

"Hakuna."

"Na usiposema?"

"Septemba nitakuwa Dar."

Naomi alimtazama lile jicho moja lililokuwa wazi. "Uji unapoa," akasema.

Jumatatu ghala lilijaa. Ilikuwa siku kubwa ya manunuzi. Lori la Dar lilikuwa limeegeshwa mlangoni, dereva ana haraka, baiskeli zenye magunia zimepangwa mpaka kwa Ahmada ng'ambo ya barabara. Watu walimshangilia Ambwene kwa jicho lake lililovimba. Zebedayo alimwinua mkono.

"Bingwa wetu! Septemba Dar es Salaam! Barua ninayo hapa!" Akajipiga mfukoni. "Haya Kasia, soma tupakie, lori linaondoka saa nane."

Wa kwanza alikuwa yule mama wa Ikolo. Gunia likawekwa. Ambwene akatundika jiwe, akasukuma kidude, mkono ukatulia. Akafungua mdomo na nyuzi zikamvuta.

"Mwanangu, ngapi?" mama akauliza.

Ambwene aliinama, akalikumbatia gunia, akalishusha chini. Kisha akapanda yeye.

"Kasia, shuka, mchezo baadaye," Zebedayo akasema akicheka, lakini kicheko hakikufika mwisho.

"Mama, unajua namba. Sogea. Mkono unasema ngapi?"

Mama akasogea, akakaza macho. "Hamsini na… hamsini na nane."

Ambwene akatoa kadi. "Jana asubuhi daktari wa Mbeya kanipima. Sitini na mbili. Nimekula mchana, nimekula jioni. Alhamisi nilipimwa hapa nikawa sitini, Ijumaa Mbeya nikawa sitini na nne. Hiyo ndiyo sababu ya kupigwa kwangu. Jiwe hili lina risasi ndani."

Zebedayo akageukia watu, mikono wazi, jasho likimchuruzika. "Jamani, mtu kapigwa raundi tano! Mmemwona uso? Si lazima akonde?"

Wengine walicheka. Ilikuwa hoja nzuri, na watu wanapenda kucheka kabla ya kuumia. Kicheko kilikuwa bado hewani Ahmada alipovuka barabara na mkokoteni, pumzi zikimpaa, mfuko wa saruji juu yake, uzi wa kiwandani haujaguswa. Hakuna aliyemtuma. Walisaidiana kuuweka kwenye mizani. Umeandikwa hamsini kwa herufi za kiganja kizima. Mkono ukatulia kwenye arobaini na saba, ukaning'inia chini kidogo.

"Zebedayo," Ahmada akasema, "na hii saruji nayo ilipigwa Mbeya?"

Safari hii hawakucheka. Mtu alilishika jiwe, akaligonga ukutani mpaka kizibo cha nta kikatoka, na risasi ikaonekana ndani, ya kijivu, kama jicho. Mayowe yakaanza nyuma, na baiskeli kuanguka. Dereva wa lori akapanda, akafunga kioo. Zebedayo alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa magunia, akaitoa barua mfukoni, akaipasua mara mbili, si kwa hasira, ila kama mtu anayetafuta kazi ya mikono.

"Basi," akamwambia Ambwene, "Dar utaenda kwa miguu."

Hakwenda, kwa miguu wala kwa gari. Alipigana mara mbili zaidi, zote Tukuyu, zote bila mkataba, na hapo kazi yake ya ulingoni ikaisha.

Lakini saa ile wala hakusikia karatasi. Alisikia sauti ya mama wa Ikolo, isiyo kubwa. "Na mdomo uliokuwa ukisoma ni wa nani?"

"Wangu, mama."

"Ulinicheka."

"Nilikucheka."

Watu wakafunguka njia. Mzee Asajile alikuwa anakuja na gunia lake, analiburuta, amekataa kusaidiwa. Ambwene alishuka kwenye mizani, akasogea pembeni, akainama kama anavyopaswa. Mzee alilisimamisha gunia juu ya chuma, akapumua, akaivua kofia. Hakumtazama mkwewe usoni. Hata siku hiyo heshima ilibaki palepale kati yao.

"Rudisha jiwe lao," akamwambia mtu aliyelishika. "Lilelile, na risasi yake. Tulipimwa nalo, tutapimwa nalo." Kisha, akiwa ameelekea ukutani: "Soma."

Ambwene akatundika. "Tisini, tata."

"Hiyo nimeisikia miaka miwili. Soma yote."

Sitini iliyokuwa sitini na nne. Kila kumi na tano ilimeza moja. Hesabu hiyo alikuwa ameifanya mbele ya tanuri, ndimu mdomoni. Akaifanya tena sasa, midomo ikitikisika.

"Tisini na sita."

Mzee Asajile akaitikia kwa kichwa. "Ndivyo mgongo wangu ulivyosema," akasema. Akamgeukia Zebedayo. "Utanunua tisini na sita, au lori lako lilale hapa na sisi tulale nalo?"

Zebedayo akatazama mlango uliojaa watu. Akaitikia.

Mzee akashusha gunia, lakini hakuondoka. Alisimama kando ya mizani, mikono nyuma, mahali ambapo mkwewe angemwona bila wao kutazamana. "Mwingine," akasema.

Mama wa Ikolo akarudisha gunia lake. Ambwene akasoma, akajumlisha, akatangaza. Na mwingine. Na mwingine. Kufikia gunia la kumi uzi mmoja wa mdomo ulikuwa umekatika na damu ikishuka kidevuni. Kila namba ilitoka na uchungu wake. Mama mmoja akamtupia ncha ya khanga. Akajifuta, akatundika jiwe, akasukuma kidude, akangoja mkono utulie.

"Sabini na tano," akasema. Akahesabu. "Themanini, mama. Themanini kamili."